Vitanga Viwili vya Mizani

Kununua ni kazi ambayo watu wengi huidhani kuwa nyepesi. Mwenye fedha hutoa, mwenye kitu hupokea, kisha kila mmoja hushika njia yake. Hivyo ndivyo mambo yaonekanavyo sokoni asubuhi, na mtu anunuaye kibaba kimoja cha maharage kwa chakula cha watoto wake hana haja ya kufikiri zaidi. Walakini mtu anunuaye kwa niaba ya wengine yumo katika hali nyingine. Fedha aishikayo si yake, kinywa kitakacholishwa si chake, na shamba litakalolimwa tena mwaka ujao kwa sababu ya ununuzi wake, au litakaloachwa, si lake. Amekuwa wakili wa watu watatu kwa wakati mmoja: mlipaji, mlaji na mkulima. Mmoja kati ya hao asipopata haki, uwakili wake una ila.

Katika chuo kimoja kidogo cha wilaya ya Mbulu, upande unaokaribia Hanang, alikuwako mnunuzi wa namna hiyo. Alikuwa ameanza kwa ukarani wa ghala, akapandishwa kwa sababu ya usafi wa daftari zake. Juu ya mlango wa ghala alibandika methali isemayo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na hapana gunia lililoingia wala kutoka bila ya kuandikwa. Watu wa chuo walimheshimu kwa hili. Wauzaji walimwogopa kidogo, na hofu yao ilikuwa na sababu, maana alijua kupenyeza mkono mpaka chini ya gunia, mahali ambapo maharage mabovu hupenda kujificha.

Mwaka mmoja kamati ya chuo ilimwagiza kuwa manunuzi yote yawe endelevu. Maana ya neno hili ni nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: kununua leo kwa namna isiyoharibu nchi, wala watu, wala uwezo wa kununua kesho. Halikuwa wazo la kamati peke yake. Mwaka 2015 mataifa ya ulimwengu yalipoafikiana malengo 17 ya maendeleo, lengo la 12 lilitaja waziwazi ununuzi wa umma ulio endelevu. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwongozo wa ununuzi wa namna hiyo, uitwao ISO 20400. Tanzania nayo ilipata Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma mwaka 2023, na taratibu za nchi hutaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Chuo hiki hakikuwa cha Serikali, hivyo hakikufungwa na kila kifungu cha sheria hiyo. Lakini kamati iliona haya kuwafundisha vijana kuitunza nchi ilhali jiko la chuo halikujua chakula chake kilitoka wapi.

Basi ikaandikwa fomu ya kuwapima wauzaji. Ilikuwa na alama 100. Bei ilipewa sehemu yake, ubora sehemu yake, na uhakika wa kuleta mali kwa wakati sehemu yake. Leseni, namba ya mlipa kodi na stakabadhi zilipewa sehemu yao. Mwisho, alama 20 zilitengwa kwa utunzaji wa mazingira, nazo zilitakiwa kuthibitishwa kwa maandishi. Mnunuzi aliisoma fomu hiyo mara mbili akaipenda. Ilikuwa na mistari iliyonyooka kama daftari zake.

Zabuni ya maharage ilileta waombaji wawili waliostahili kufikiriwa. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mjini mwenye gari, ghala na karatasi zote. Bei yake ilikuwa ya chini, na kuhusu mazingira aliambatisha tamko lililopigwa mhuri, lililosema kuwa mali yake yote yatoka kwa wakulima waitunzao ardhi. Wa pili kilikuwa kikundi cha wanawake wa kijiji kimoja cha milimani, upande wa Kainam. Bei yao ilikuwa juu kidogo. Barua yao iliandikwa kwa mkono, stakabadhi hawakuwa nazo, na mahali pa kuthibitisha utunzaji wa mazingira waliandika maneno matatu tu: njooni mtazame wenyewe.

Mnunuzi alijumlisha alama. Mfanyabiashara alipata 86, na wanawake wale walipata 52. Kwa maneno matatu yale hakuweza kuwapa hata alama moja kati ya 20, kwa kuwa mwaliko si cheti. Alichukua kalamu ili aandike jina la mshindi. Lakini mtu aliyezoea kupenyeza mkono chini ya gunia hawezi kuridhika kwa kulitazama juu. Aliiweka kalamu, akamwendea mkuu wa chuo, akaomba ruhusa ya siku moja.

Nchi aliyokwenda kuitazama si ngeni kwa wanaosoma habari za kilimo. Ni kitovu cha Wairaqw, waitacho Irqwa Da'aw, nchi ya vilima karibu mita 2,000 juu ya bahari. Watu wamekaa humo kwa wingi tangu zamani, na kwa kuwa ardhi haikuwa ya kutupa, walijifunza kuilea. Ng'ombe hulala karibu na watu, na samadi yao hupelekwa shambani. Mitaro na matuta huzuia maji ya mvua yasiteremke na udongo. Mahindi na maharage hukaa pamoja au hupokezana zamu, na penye majimaji bondeni hupandwa majani ya kulishia mifugo. Wageni waliofika huko katika karne iliyopita walistaajabu na kuandika. Wenyeji hawakuandika; walilima.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama wa makamo, naye alimpokea mlangoni pa ghala dogo la udongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kuyapima maharage au kutupima sisi?"

"Vyote viwili, mama."

"Haya. Anza na maharage, maana hayo hayana aibu."

Maharage yalikuwa safi. Mnunuzi alipenyeza mkono hadi chini, akautoa bila ya kukuta hila. Ndipo alipoona, upande wa pili wa ghala, magunia mengine yaliyovimba kupita kawaida. Yalikuwa yamejazwa hadi mdomoni, kisha yakaongezwa kilemba cha juu kilichofumwa kwa kamba. Hayo ndiyo yaitwayo lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukataza jambo hili kila msimu; walakini katika vijiji vilivyo mbali na mizani, dalali ajaye na gari ndiye sheria. Hulipa bei ya gunia moja, akaondoka na gunia na kilemba chake.

"Hayo ni ya nani, mama?" aliuliza.

Mama alimtajia mfanyabiashara wa mjini. Alikuwa ni yule yule mwenye alama 86.

Mnunuzi alikaa juu ya kinu kilichoinamishwa. Mambo aliyoyaona yalikuwa wazi kuliko hesabu yoyote. Maharage ya mwombaji wa kwanza na maharage ya mwombaji wa pili yalikuwa maharage mamoja, ya shamba moja na mikono mamoja ya wakulima. Tamko lile lenye mhuri halikuwa uongo: mali ilitoka kweli kwa watu waitunzao ardhi. Cheti kilikuwa cha mfanyabiashara, lakini sifa iliyoandikwa ndani yake ilikuwa ya wanawake hawa, na fomu ya chuo ilikuwa tayari kumlipa yeye kwa sifa yao. Hata ile bei ya chini ilieleweka sasa. Haikushushwa na ustadi wa biashara, bali ilikatwa katika kile kilemba.

Alipokuwa akijiandaa kuondoka, mama alimwuliza swali.

"Mwanangu, wewe umetuuliza mengi, nasi tumejibu. Nami nina moja. Chuo chenu hulipa baada ya siku ngapi?"

Mnunuzi aliona tabu kujibu. Chuo kililipa ada za wanafunzi zilipoingia, na ada huingia polepole. Miezi mitatu ilikuwa kawaida. Minne haikuwa ajabu.

"Yategemea ada, mama," alisema.

"Nami nina mtoto anayesubiriwa ada," mama alijibu kwa upole. "Dalali ni mwizi, najua, lakini hutuibia kwa fedha taslimu. Ninyi ni watu wema, nanyi mngetutesa kwa ahadi."

Njiani kurudi, mnunuzi alisimama ukingoni mwa vilima. Siku hiyo anga lilikuwa safi, na kwa mbali kusini mlima Hanang ulionekana peke yake, na tambarare zikitandazwa chini yake. Mtu wa wilaya hizi hawezi kuzitazama tambarare zile kwa shauri la ununuzi bila ya kuikumbuka ngano ya Basotu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ya Tanzania kwa msaada wa Kanada ilianzisha huko kilimo kikubwa cha ngano. Shirika la taifa la kilimo na chakula, NAFCO, likawa na mashamba saba, kila moja la ekari kama 10,000. Nia haikuwa mbaya: taifa lilihitaji mkate, nalo halikutaka kuununua nje. Matrekta yalikuja, wataalamu walikuja, na mavuno yalihesabiwa kwa gunia na kwa ekari. Kwa hesabu hiyo mradi ulionekana kuwa na mafanikio. Lakini ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, wafugaji waliohamisha mifugo yao kwa zamu kutoka malisho hadi malisho ili majani yapate kupumua. Waliondolewa katika sehemu iliyokuwa moyo wa zamu hiyo, na mifugo ikasongamana katika sehemu zilizobaki. Trekta lilipita hata juu ya makaburi ya wazee, yale ya vilima vya udongo ambayo kwao ni mahali patakatifu. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw ilipata ushindi katika Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata ushindi huo ukatenguliwa katika Mahakama ya Rufani. Malalamiko hayakwisha; mwaka 1993 tume iliundwa ichunguze ukiukwaji wa haki za binadamu katika mashamba yale.

Hapana aliyeliacha jambo hili kwa kukosa hesabu. Hesabu zilikuwapo, nyingi na nzuri. Kosa lilikuwa kwamba kitanga kimoja cha mizani kilijazwa ngano, na kitanga cha pili hakikuwekwa kitu. Malisho hayakuwa na bei, makaburi hayakuwa na bei, na kisichokuwa na bei kilihesabiwa kuwa si kitu. Mkate ulioliwa mijini ulikuwa na mlipaji mwingine, ambaye hakuula wala hakuulizwa. Mnunuzi wa chuo hakuwa na matrekta wala ekari 10,000. Alikuwa na zabuni ya maharage tu. Lakini aliona kuwa kosa ni lile lile, na kwamba udogo wa kosa si udhuru wa kulitenda.

Mlima ule ulimfundisha pia somo la upande wa pili. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Hanang vikaangukia mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Msiba huo ulipotokea, palikuwa na watu waliokuwa tayari kuwanyoshea kidole wakata kuni. Hata chuoni mjumbe mmoja wa kamati alishauri kuwa kila muuzaji wa kuni afutwe katika orodha kama mshiriki wa maafa. Walakini maelezo yaliyotolewa na Serikali baada ya uchunguzi yalikuwa mengine: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikalemewa na kumeguka. Mkata kuni aweza kuwa na makosa yake, nayo yapaswa kupimwa. Lakini kumtwisha msiba asioufanya ni sawasawa na kumpa mfanyabiashara sifa asiyoifanyia kazi. Katika mambo yote mawili mpimaji ameandika alama bila ya kutazama.

Kuni zenyewe zilikuwa na sababu nyingine ya kuachwa, iliyo safi na ya kutosha. Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kupikia kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia ukazinduliwa mwaka huo wa 2024. Chuo kililazimika kubadili jiko lake kwa hoja ya moshi, afya na misitu, bila ya kumsingizia mtu. Wauzaji wa kuni waliambiwa mapema, wakapewa msimu mmoja wa kutafuta kazi nyingine. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya upimaji, kwa kuwa ununuzi unaokatika ghafula hujeruhi kama upanga, hata ukikatika kwa sababu njema.

Kamati ilipokutana, mnunuzi aliweka mezani fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa ile ya zamani, yenye maswali ya kumwuliza muuzaji. Ya pili ilikuwa ya maswali ya kukiuliza chuo. Je, chuo hulipa kwa siku ngapi? Je, hununua kwa kilo iliyopimwa katika mizani yenye alama ya Wakala wa Vipimo, au kwa gunia la kukisia? Je, hutangaza mahitaji yake kabla ya kupanda, au baada ya mavuno kuuzwa? Je, hugawa zabuni katika mafungu ambayo mwenye kidogo aweza kuyajaza, au huifanya moja kubwa ambayo mwenye gari tu huiweza? Alieleza kuwa mizani ina vitanga viwili, na kwamba chuo kilikuwa kimewapandisha wauzaji katika kimoja huku chenyewe kikisimama pembeni kama hakimu.

Mhasibu alipinga, na upinzani wake haukuwa wa kijinga. Alisema kuwa chuo si benki wala si nyumba ya sadaka. Bei ikipanda, ada itapanda. Na ada ikipanda, watakaoumia ni wazazi, ambao wengi wao ni wakulima maskini wa wilaya hizi mbili. Je, ni haki kumtoza mkulima wa Hanang ili kumpendeza mkulima wa Mbulu?

Kimya kilipita. Kisha mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa hasemi sana, aliuliza wazazi hao hupata wapi fedha za ada. Mhasibu alijibu kuwa huuza mahindi, maharage, vitunguu saumu na mifugo. "Basi," alisema mzee, "bei ya chini tunayoifurahia jikoni ndiyo ada tunayoingojea ofisini. Tunamdai mtu mmoja kwa mkono wa kuume, na kumpunja kwa mkono wa kushoto, kisha tunashangaa kwa nini hana."

Uamuzi wa kamati haukuwa ushindi kamili wa upande wowote. Zabuni iligawanywa nusu kwa nusu. Mfanyabiashara alibaki na nusu moja, maana gari lake na uhakika wake vilikuwa na thamani ya kweli. Lakini alitakiwa kutaja vijiji alivyonunua, na kuonyesha kuwa alinunua kwa kilo. Wanawake walipewa nusu nyingine, kwa sharti la kukisajili kikundi chao katika halmashauri na kufungua daftari. Chuo nacho kilijifunga kutenga fungu dogo mwanzoni mwa muhula, ili mleta maharage alipwe ndani ya siku 14. Mhasibu alitia sahihi huku akiguna, lakini alitia.

Mzigo wa kwanza wa wanawake ulipofika, magunia mawili yalikutwa na wadudu. Watu walimtazama mnunuzi waone atafanyaje, kwa kuwa alikuwa amewatetea. Yeye aliyarudisha yote mawili, akaandika sababu katika daftari, na nakala akampa mama mwenyekiti mkononi. Wengine walimwona mkali. Mama hakumwona hivyo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mtu anayesamehewa mali mbovu kwa sababu ni maskini hajaheshimiwa kama muuzaji, amehurumiwa kama mwombaji. Juma lililofuata magunia mawili mengine yaliletwa, nayo yalikuwa safi hadi chini. Malipo yalitoka siku ya 13.

Tangu hapo mizani ya chuo husimama langoni badala ya ghalani, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote wawili wanaweza kuusoma mshale wake. Jambo hili laonekana dogo. Walakini haba na haba hujaza kibaba, na vyuo, shule na hospitali za nchi hununua vibaba vingi. Kila gunia linalopita langoni hubeba ndani yake matuta yaliyotengenezwa au yaliyoachwa, mtoto aliyelipiwa ada au aliyerudishwa nyumbani, ahadi iliyotimizwa au iliyosahauliwa. Vyeti vyaweza kusema sehemu ya habari hiyo, na bei yaweza kusema sehemu nyingine. Iliyobaki yataka mtu wa kwenda kutazama, na ambaye baada ya kutazama yu radhi kupanda mwenyewe katika kitanga cha pili, naye apimwe.